Mbwa Aliyeacha Kubweka

Mbwa wetu wa siku nyingi aliacha kubweka. Malori ya kabichi yanapiga honi hapa Mgeta, yeye kalala tu kibarazani. Nikamwita mvivu karibu miaka miwili, kisha nikaenda kuchukua mtoto wa mbwa kule Dumila.

Wiki ya kwanza yule mbwa mzee alimngurumia mdogo kila aliposogelea gunia lake la kulalia. Baadaye akaanza kubweka tena, hata kwa mgeni aliye mbali. Mke wangu akasema wivu umemwamsha, nami nikaamini.

Asubuhi moja nilikuwa nafunga karoti mafungu, nikawatazama. Mdogo alisimamisha masikio. Mzee akamwangalia, ndipo akabweka. Nikamfungia mdogo ndani. Lori likapiga honi nyuma ya mzee, hata sikio hakutikisa.

Miaka miwili yote nilikuwa namfokea kiziwi.