Gunia Bichi kwenye Ukuta wa Nyuma

Jumatano tarehe 9 Februari 1955, Lydiah Karwirwa aliandikishwa katika nyumba namba 47 ya kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki, chini ya mji wa Embu: watu wawili, mlango mmoja, dirisha hakuna.

Mtu wa pili alikuwa Rwamba, mjukuu wake wa miaka minne. Mama wa mtoto alifariki siku ya kumzaa. Baba yake, Njuki, mwana wa pekee wa Karwirwa, aliingia msituni na wapiganaji mwaka 1953. Desemba ya mwaka uliofuata, askari walimwambia Karwirwa kwamba Njuki ameuawa. Mwili hakuonyeshwa. Alipouliza amezikwa wapi, aliambiwa aende nyumbani.

Nyumba ilijengwa kwa siku sita, kwa amri ya serikali. Huko juu kwenye baridi, karibu na Manyatta, alikotolewa, watu walitafuta moto kuliko hewa. Hapa chini jua lilipiga kuta tangu asubuhi, na saa kumi na mbili jioni kila mlango ulifungwa, moto wa kupikia ukiwa ndani. Rwamba alianza kukohoa wiki ya pili. Wiki ya tatu alikuwa akilala ameketi, mabega yakipanda na kushuka. Mhudumu wa zahanati alimsikiliza kifua, akafunga daftari.

"Mtoto anataka hewa," alisema. "Hewa sina ya kukupa."

Karwirwa alikwenda kwa Njagi, seremala aliyejifunza kazi misheni. Njagi aliikagua nyumba ndani na nje, akalamba kidole na kukiinua kutafuta upepo.

"Mama Njuki, hii si nyumba. Hiki ni chungu cha githeri, na mahindi ni nyinyi."

"Nimekuita unisaidie, si unicheke."

"Haya. Tunaweza kufungua paa, au kutoboa hapa mbele kando ya mlango, au kule nyuma. Kule Meru nilimtengenezea madirisha Warsame, yule Msomali wa malori. Yeye hutundika gunia bichi dirishani. Upepo ukipita humo unaingia baridi, kama umetoka mtoni. Lakini lazima upepo wenyewe uwepo."

Karwirwa alichagua paa. Moshi ulipungua, lakini jua la mchana likaingia moja kwa moja na gunia likakauka kabla chai haijachemka. Alichagua ukuta wa mbele. Hatua nne kutoka hapo palikuwa na mlango wa jirani, na moshi wa jirani ukahamia kwake.

"Sasa mnakohoa kwa meko mawili," Njagi alisema. "Umebaki ukuta wa nyuma. Upepo wa mlima unatoka huko. Mbona hukuanza nao?"

Kwa wazee wa Karwirwa, ukuta wa nyuma wa nyumba inayokaliwa ulitobolewa kwa sababu moja. Mtu akifia ndani, maiti ilitolewa huko, isipite mlangoni wanakopita walio hai. Karwirwa alikuwa amebatizwa tangu 1931, na alikuwa akisema mambo hayo ni ya zamani. Hata hivyo alikuwa ameacha ukuta huo uwe wa mwisho.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Njagi hakuambiwa. Kila jioni, milango ikishafungwa, ukuta ule uligongwa mara tatu, chini kidogo ya usawa wa bega. Ndivyo Njuki alivyogonga nyumba ya zamani kila alipokuja kuchukua chakula. Lakini nyuma ya ukuta huu handaki lilianzia msingini, na vijiti vilivyochongwa vilijaa humo. Hapakuwa na mahali pa mtu kusimama. Asubuhi alichungulia kutoka pembeni kutazama udongo. Haukuwa na alama. Kila jioni alisubiri pigo la tatu. Akiutoboa ukuta, atakuwa amesema kwa mikono yake mwenyewe kwamba nyumba hii ina maiti. Asipoutoboa, itakuwa nayo kweli.

Siku ya Ijumaa Rwamba alishindwa kunywa uji, kwa sababu hakuweza kuacha kuhema ili ameze. Karwirwa alimwita Njagi.

Ruhusa ilitoka kwa Misheck, mlinzi wa kijiji. Alitaka tundu lisipitishe kichwa cha mtu.

"Kichwa cha nani?" Njagi aliuliza. "Tukipima kwa chako, hata ng'ombe atapita."

"Fundi, kata. Huo mdomo utakufikisha kizuizini Manyani."

Kabla panga halijagusa udongo, Karwirwa alimwaga maji mekoni na kuuzima moto wote. Mama yake alifanya hivyo siku alipofiwa na mume. Njagi aliona mvuke ukipanda, akaelewa. Alivua kofia, akaiweka chini, kisha akaanza.

Udongo ulianguka kwa vipande vikubwa. Upepo uliingia hata kabla fito hazijakatwa zote. Walitundika gunia bichi, na ndani ya saa moja harufu ya moshi ilikuwa imetoka. Saa kumi Rwamba alikunywa kikombe kizima cha uji. Saa kumi na moja alilala ubavu, mara ya kwanza kwa siku kumi na mbili.

Milango ilifungwa. Karwirwa aliketi akitazama gunia likifura na kulegea. Alisubiri. Walinzi walipita upande wa barabara, wakaongea, wakaenda. Hakuna kilichogonga.

Rwamba alifungua macho.

"Cucu, mbona Baba hagongi leo?"

Karwirwa hakuwahi kumwambia mtoto habari ya kugonga. Alidhani anasikia peke yake. Alichota maji, akalilowesha gunia tena, akamfunika mjukuu wake miguu.

Jumapili atampelekea mwalimu wa kanisa jina la Njuki, lisomwe pamoja na majina ya waliofariki.