Pointi Mbili za Nahodha

Ubishi wa nani mchezaji bora wa mpira wa kikapu tangu dunia iumbwe hauna mwisho, na kama ningeulizwa mimi, ningesema uachwe hivyo hivyo. Pale ukumbini kwetu watu walikuwa wanaanza na wale warefu wa kwenye televisheni. Wanarushiana takwimu walizozisoma kwenye simu, wanaapa kwa majina ya mama zao, halafu baada ya robo saa wanarudi kwa watu wetu wenyewe: Ngazi au Kinyozi? Hapo ndipo mishipa ya shingo inapowatoka. Kwa ajili ya wale wa televisheni sijaona mtu akimkunja mwenzake shati. Kwa ajili ya Ngazi na Kinyozi nimeona kiti kikivunjwa, tena kiti cha chuma.

Ngazi ni fundi wa kuchomelea mageti, na jina lake utalielewa ukimwona anavyoinama mlangoni. Kinyozi kazi yake ndiyo jina lake. Si mrefu sana, lakini zamani alikuwa mwepesi ajabu, na alikuwa nahodha wa timu iliyokuwa ikiinyima timu ya Ngazi usingizi. Wote wawili wamestaafu siku nyingi. Vitambi vimewatangulia mbele, magoti yanalia, ila midomo yao bado inacheza ligi kuu.

Mimi ni fundi bomba. Kwa miaka ishirini na sita, kila Jumamosi, nilikuwa mshika saa wa mezani. Kazi ya mshika saa ni kutazama saa. Vikapu vyote vitamu vya miaka ile nilivijua kwa kelele za watu, sikuviona. Pembeni yangu aliketi mwanamke mmoja, mdogo wake Ngazi, baba mmoja mama mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa akiandika matokeo. Tulimwita Karani, na huyo ndiye ninayetaka kumsimulia.

Karani anashona mapazia. Ukiingia karakana yake utamkuta amesimama mbele ya meza ndefu, pini zimejaa kwenye kola, chaki nyuma ya sikio, rula ya chuma mkononi. Pazia likipinda nusu kidole analifumua lote, hata mteja mwenyewe akisema basi, mama, inatosha. Mezani alikuwa vilevile. Alikuja na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu, akizibadilisha kila kipindi cha mchezo, na hakufuta kitu hata siku moja. Akikosea, alipiga mstari mmoja juu ya kosa na kutia saini pembeni, ili atakayesoma aone kwamba alikosea. Nilimwambia mara nyingi kwamba hakuna atakayesoma karatasi zile. Alinijibu kwamba yeye atazisoma.

Mwaka huu ukumbi ulipigwa bati jipya, na ukuta wa mbele ukapakwa rangi. Kamati ikaamua ukutani paandikwe jina la mchezaji bora kuliko wote waliowahi kucheza mle ndani. Jina moja tu. Vikao vitatu vilipita kwa kelele, na hicho cha tatu ndicho kilichovunja kiti. Mwishowe Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza, akasema basi, vitabu viamue. Aliyefunga pointi nyingi kuliko wote, katika ligi na fainali zote, ndiye jina la ukutani. Karani ajumlishe, asome Jumamosi saa nne asubuhi mbele ya watu.

Wa kwanza kukubali alikuwa Ngazi. Alipiga meza kwa kiganja. "Sawa kabisa! Vitabu vya mdogo wangu havijui kusema uongo."

Alhamisi nilikuwa karakanani kwa Karani, nimelala chali chini ya sinki, nafungua koki iliyoziba. Nikasikia cherehani imenyamaza.

"Fundi, toka huko chini."

"Mikono yangu imejaa uchafu, Karani. Sema, nasikia."

"Toka. Nataka nikwambie nikiwa nauona uso wako."

Nikatoka. Vitabu vilikuwa vimepangwa mezani mahali pa vitambaa, na yeye macho yamemwiva. Akaniambia Ngazi ana pointi elfu moja mia nane arobaini na sita. Kinyozi ana elfu moja mia nane arobaini na saba.

"Moja?" nikauliza. "Kazidiwa moja?"

"Moja."

Nilicheka, Mungu anisamehe. "Basi ameze tu. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Hujanisikia bado. Unakikumbuka kikapu cha mwisho cha ile fainali?"

Nani asiyekikumbuka? Ni miaka ishirini na miwili sasa. Timu ya Ngazi ilikuwa inaongoza sitini na moja kwa sitini, zimebaki sekunde, watu wakarundikana chini ya goli, mpira ukazama, na kombe likaenda kwa Kinyozi. Kinyozi mwenyewe ameshakisimulia kikapu kile kwa kila kichwa alichonyoa: jinsi alivyozungukwa na watu watatu, jinsi alivyoruka, jinsi alivyousukuma mpira kwa mkono wa kushoto. Na wewe utabisha vipi, wembe uko shingoni?

"Kinyozi hakuugusa ule mpira," Karani akasema. "Aliufunga kaka. Aliruka kuutoa, kiganja kikaupiga, ukaingia golini kwao wenyewe."

Akanieleza kanuni, ingawa naijua: mchezaji akijifunga kwa bahati mbaya, pointi mbili zinaandikwa kwa nahodha wa upande wa pili aliyeko uwanjani. Mwamuzi, ambaye sasa ni marehemu, alikuja mezani akamnong'oneza, "Nahodha." Naye akaandika namba nne, ambayo ni ya Kinyozi. Kwenye karatasi hakuna mahali pa kueleza zaidi ya hapo. Mikono ilikuwa mingi, kelele nyingi, na mimi nilikuwa natazama saa yangu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Alijua yeye, na alijua Ngazi. Na Ngazi hakujua kwamba dada yake anajua.

"Tangu siku ile amenikaukia," akasema. "Tunasalimiana mlangoni kama wapangaji. Nadhani ana hasira kwamba mkono wangu ndio ulioziandika. Na huyu ndiye aliyeacha shule akaingia kwenye moto wa kuchomelea ili mimi nisome, Fundi. Nikisoma jumla tu, anashindwa kwa pointi aliyoitoa mwenyewe. Nikieleza, ukumbi mzima utajua kwamba ndiye aliyewakosesha wenzake kombe. Nifanye nini?"

"Muulize yeye."

"Nikimuuliza, nimeshamwambia kwamba niliona."

Hapo nikatoa ushauri wa kijinga ambao mpaka leo nikiukumbuka masikio yanawaka. Nilimwambia ampunguzie Kinyozi mbili, nani atahesabu upya? Aliniangalia kama mtu aliyenifumania nikipangusia mikono yangu ile kwenye kitambaa cheupe cha mteja.

"Tengeneza koki," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Jumamosi ukumbi ulijaa kabla ya saa nne. Viti havikutosha. Kinyozi amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, amekaa mstari wa mbele na wateja wake. Ngazi yuko upande wa pili na wachezaji wenzake wa zamani, anacheka kwa sauti, anapigwa mabega. Tuliketi meza ileile, mimi na Karani, bila saa. 

Karani alisimama akasoma jumla mbili, bila kuongeza neno.

Upande wa Kinyozi ukalipuka, viti vikaburuzwa, watu wakarukiana. Nilimtazama Ngazi. Kicheko kilikuwa bado kipo usoni ila macho yameshaondoka.

Muuza matairi, aliyewahi kucheza na Ngazi na hajawahi kuikubali fainali ile, akapanda juu ya benchi. "Pointi moja? Haiwezekani! Isomwe fainali, kikapu kwa kikapu! Tuhesabu wenyewe!"

Mwenyekiti akaruhusu. Nikaona Ngazi anamvuta muuza matairi shati, anamwambia shuka, yameisha. Muuza matairi hakumsikia. Mtu anayekutetea kwa nguvu hivyo hakusikii.

Karani akafungua kitabu. Akasoma kikapu cha kwanza, cha pili, watu wakihesabu kwa vidole. Sauti yake ilikuwa kavu. Kadiri alivyoteremka ndivyo kidole chake kilivyokwenda polepole. Sitini na moja kwa sitini. Kidole kikasimama.

Kinyozi alikuwa ameshasimama, mkono wa kushoto juu, anawaonyesha vijana. "Ndicho hicho! Huu hapa!"

"Karani, malizia," Mwenyekiti akasema.

"Namba nne. Pointi mbili."

"Mbona umesita?" muuza matairi akadakia. "Alifunga yeye?"

"Zimeandikwa kwa nahodha."

"Hatukuuliza zimeandikwa kwa nani. Tumeuliza nani alifunga!"

Angeweza kusema ni Kinyozi, tukaenda zetu nyumbani. Neno moja tu. Nilimwona analitafuta mdomoni na halipo. Na kadiri alivyochelewa ndivyo upande wa Kinyozi ulivyoanza kunguruma. Mmoja akapaza sauti: "Anataka kumpora nahodha ampe kaka yake! Damu nzito kuliko maji!" Mwingine: "Vitabu vyote vikaguliwe! Nani ajuaye amembeba mara ngapi?" Mtu akafika mezani akashika kitabu cha juu. Karani akakilalia kwa mikono yote miwili. Miaka ishirini na sita niliyoketi naye mwanamke yule hajafuta tarakimu moja, na sasa anaitwa mwizi mbele ya watu aliowaandikia. Nilisimama, na ukweli ni kwamba nilikuwa tayari kumtia mtu ngumi.

"Mwacheni mdogo wangu!"

Ngazi alisema hivyo akiwa bado ameketi, kisha akainuka. Alikuja mpaka mbele, akageukia watu.

"Kile kikapu nilikifunga mimi. Niliruka niutoe mpira, nikaupiga ukaingia kwetu. Kinyozi hakuugusa, na anajua hakuugusa. Karani aliandika kama kanuni inavyotaka. Anayetafuta mkosaji, mimi hapa. Lakini kwenye vitabu vyake asiguse mtu."

Wenzake wa zamani walikuwa wanamwangalia kana kwamba hawamfahamu. Muuza matairi akashuka kwenye benchi taratibu. Alikaa akaweka kichwa mikononi.

Mwenyekiti, kwa ualimu wake, alikuwa ameshaanza hesabu. "Kwa maana hiyo," akasema, "tukizitoa hizo mbili, alizofunga Kinyozi kwa mkono wake ni elfu moja mia nane arobaini na tano. Ngazi ana arobaini na sita. Basi aliyefunga nyingi ni... Karani, unasemaje?"

Mlango wa ushindi wa Ngazi ulikuwa umefunguka. Sikutarajia, na nadhani hata Ngazi hakutarajia. Ukumbi mzima ukamgeukia Karani. Nikamwambia moyoni, sema ndiyo, mama, kaka yako ameshalipa, sema ndiyo.

"Pointi ni za nahodha," akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyapangusa. "Kanuni ilikuwa hivyo siku ile na iko hivyo leo. Niliziandika kwake, ni zake."

Kinyozi alikuwa ameshauteremsha mkono. Nilingoja aseme siutaki ukuta kwa kikapu cha mwenzangu, kama wanavyosema watu waungwana. Hakusema. Alikohoa, akasema, "Kitabu kimesema," akakaa. Jina lake ndilo lililoandikwa, na mimi nikipita pale naangalia upande wa pili wa barabara.

Watu walitoka wakibishana upya, safari hii kama mtu aliyejifunga anaweza kuwa bora kuliko wote. Nikabaki nakunja meza. Ngazi alikuja akasimama mbele ya dada yake, mkono umeshika ukingo wa meza.

"Kumbe uliona."

"Nilikuwa hatua nne kutoka kwako, kaka."

"Mimi nilikuwa nayakwepa macho yako. Nilisema, siku akinitazama vizuri nitajua kama aliona. Kwa hiyo nikahakikisha hunitazami."

"Nami nikadhani umenikasirikia."

"Nikukasirikie kwa lipi? Ungeandika nini?" "Hata Mama alipokuwa mgonjwa kitandani, nyumbani kwako. Nilikuwa nakaa kule kwenye kona ya mtaa nangoja utoke, ndipo niingie kumwona."

Karani akakifunga kitabu.

"Mama alikuwa ananituma kiberiti," akasema. "Kila siku mchana, nenda kaninunulie kiberiti. Nikimwambia kipo, anasema nenda tu, mwanangu, usirudi haraka. Nilidhani ni ugonjwa umemwingia kichwani. Nilinunua viberiti mpaka kabati la jikoni likajaa."