Kadi ya Sange

Wakati wa uasi, nilisimama kwenye dirisha la zahanati hapa Uvira. Mbele yangu, mama mmoja alimpa muuguzi kadi ya majaribio ya dawa mpya, yaliyokuwa yakifanyika Uvira na Sange.

"Mama, hii kadi iko ya Sange," muuguzi akasema, akiirudisha. "Kila mugonjwa anafatwa ku kituo chake."

"Ku Sange hakuna tena muntu, munganga. Bote balikimbia. Sange yote njo mimi."

Muuguzi akafungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika "Sange", na chini yake jina moja. Akamwonyesha benchi tupu.

Wakubwa wa majaribio watasoma kwamba kituo cha Sange hakikufungwa. Ni kweli. Nilikiona kimekaa mwisho kabisa wa benchi, kikiwaachia wengine nafasi.