Shemeji Aliyenikataza Maji

Mkipita mtaani kwetu Ng'ambo mkaniona barazani na sindano mkononi, jueni kwamba jicho hili la kushoto lilikuwa limekwisha kwenda. Aliyelirudisha ni Mwenyezi Mungu. Katika sifa hiyo simshirikishi na mtu, na hasa simshirikishi na shemeji yangu Shabani, ambaye nasikia anazunguka vijiwe vya kahawa mjini Tabora akisema yeye ndiye aliyeniokoa. Ndiyo maana nimeamua kutoa ushuhuda huu mwenyewe. Mwenye jicho ni mimi.

Kazi yangu ni kushona kofia za mkono. Unatoboa viua, vile vitundu vidogo vya nakshi, kwenye kitambaa cheupe, unavizungushia uzi kimoja kimoja, na ukikosea kimoja kofia nzima inakusuta. Nimesomesha watoto kwa kazi hiyo. Mume wangu, Rajabu, ananunua asali vijijini na ana pikapu kuukuu ya kubebea madumu. Tunaishi na mama mkwe wangu, na huyo Shabani, mdogo wake Rajabu, aliyekuja kutusalimia zaidi ya miaka mitatu iliyopita na mpaka leo hajamaliza salamu.

Shabani anajua kila kitu. Anajua siasa, anajua dawa, anajua magari. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili la kwetu linavuma tangu alfajiri. Umeme ukikatika siku ya mpira, anafungua boneti ya pikapu, anang'oa betri na kuiingiza ndani iwashe televisheni. Betri ikiisha nguvu anaichaji, kisha anairudisha kwenye gari. Fundi wa gereji alishamwambia mbele yetu sote: ukifungua, anza na waya mweusi wa hasi, ukifunga, huo mweusi uwe wa mwisho. Shabani akauliza, "Kwani yule fundi kasoma wapi?" Akaendelea kuanza na mwekundu. Spana ikigusa bodi, cheche zinaruka, naye anacheka. Eti cheche ni dalili ya betri yenye afya!

Siku ya ajali Rajabu alikuwa amekwenda Goweko kwa treni kutazama asali. Pikapu ilibaki uani, na Shabani alikuwa na hamu nayo. Usiku wote aliiacha betri inachaji barazani, karibu na kiti changu, ameifunika gunia isionekane na wapita njia. Mimi sikujua kwamba betri ikichajiwa inatoa hewa inayoweza kulipuka. Yeye alisema anajua betri kuliko waliozitengeneza, kwa hiyo tuseme alijua.

Asubuhi nilikaa kwenye kiti changu, kwa sababu hapo mwanga ni mzuri. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka, anachagua mchele. Shabani akatoka ndani na spana yake, akavuta gunia.

Mama mkwe akamwambia, "Zima kwanza hiyo mashine kule ukutani."

"Mama, haya si mambo ya mchele," akajibu, akakamata kibanio cha chaja na kukichomoa vivyo hivyo, umeme ukiwa unawaka.

Niliona cheche moja. Kisha mlio, kama tairi la lori limepasuka masikioni mwangu. Kipande cha plastiki kikanipiga shavuni, na maji ya betri yakanirukia usoni, shingoni na kifuani. Kwa kitambo kidogo hayakuuma. Halafu yakaanza kuuma kwa namna ambayo sijui niwaeleze vipi. Jicho la kushoto lilijifunga lenyewe, na nilipolifungua kwa vidole sikuona kitu ila weupe. Mdomo ulikuwa na ladha ya ndimu na chuma. Nikapiga kelele kama mtoto, wala sioni aibu kusema.

Yeye Shabani hakupata hata mchubuko. Alikuwa amegeuza uso. Lakini sauti alikuwa nayo.

"Maji hapana! Msimpe maji! Hiyo ni tindikali, ikikutana na maji inachemka! Tulifundishwa shuleni! Leteni asali! Asali inavuta sumu!"

Majirani wakajaa. Huyu anasema maziwa, yule anasema mafuta ya nazi, mwingine anasema nisomewe kwanza. Mtu mmoja akaja kweli na kikombe cha asali ya mume wangu, akanishika kidevu. Shabani ananibana mabega: "Tulia, shemeji, nakusaidia."

Sasa sikilizeni kilichoniokoa. Sikuwa na elimu yoyote ya tindikali. Nilichokuwa nacho ni miaka mitatu ya kuishi na Shabani, na katika miaka hiyo sijawahi kumsikia akisema neno moja likawa la kweli. Nikajiambia, ikiwa huyu anasema maji hapana, basi ni maji. Nikampiga kiwiko tumboni, nikamwaga ile asali, nikatambaa hadi kwenye pipa la uani, nikatumbukiza kichwa chote. Nikainuka, nikavuta pumzi, nikatumbukiza tena.

Nyuma yangu namsikia analia kwa hasira: "Sikio la kufa halisikii dawa!"

Mama mkwe ndiye aliyenifuata. Akanivua kanga iliyolowa ile tindikali, akachukua kopo, akaniinamisha kichwa upande na kunimiminia maji jichoni taratibu, kopo baada ya kopo, mpaka bajaji ilipofika. Hata ndani ya bajaji alikuwa na ndoo mapajani na bado ananimiminia.

Hospitalini waliniosha tena kwa chupa nyingi za maji ya dawa. Daktari wa macho, mwanamke mpole, akauliza, "Nani alikuosha nyumbani?"

"Nilianza mwenyewe, mama akamalizia."

"Nani aliwaambia?"

"Hakuna. Ila yuko mtu aliyetukataza."

"Ni adui yenu?"

"Ni shemeji yangu."

Akacheka kidogo, kisha akawa hacheki tena. Aliniambia kioo cha jicho kimeungua juu juu. Ningepakwa asali kwanza, tindikali ingeendelea kula mpaka ndani. Akanipa dawa za matone, akafunika jicho, akasema tusubiri.

Huko kusubiri ndiko kulikonitesa. Jicho lilikuwa kama limetiwa mchanga na pilipili. Ngozi ya shavu ilibadilika rangi, ikachunika. Ile kanga ilipofuliwa ilitoka na vitundu pande zote. Wageni walikuja na dawa zao: majani, unga, maji ya sijui nini. Kila mmoja nilimwambia, "Asante, weka pale," na akishaondoka naimwaga kwenye mpapai. Sikutia jichoni kitu kisichotoka kwa daktari.

Siku niliyofunguliwa jicho nilichukua sindano. Nilijaribu kutunga uzi mpaka vidole vikalowa jasho. Niliona sindano mbili, na zote hazina tundu. Hapo dharau yangu yote iliniisha. Nililia, nikaogopa kweli kweli, maana mshona kofia asiyeona tundu la sindano atakula nini? Mama mkwe akaitoa sindano mkononi mwangu, akaichomeka kwenye mto. "Bado," akasema. "Itakusubiri."

Ikanisubiri. Niliendelea na matone, nilirudi kliniki kila nilipoitwa, na asubuhi moja uzi ukapita. Niliutoa, nikautunga tena, ukapita tena.

Idd iliyofuata wageni walijaa sebuleni. Shabani, kahawa mkononi, akaanza: "Mimi nilipoona hali ile, nikapiga kelele, maji! Leteni maji!"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama mkwe akanitangulia, bila hata kupandisha sauti.

"Shabani, mwanangu, nilikuwepo. Ulisema asali."

Akanyamaza. Katika miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza nilimsikia amenyamaza.

Ndugu zangu, betri isichajiwe mnapokaa, wala isifunikwe. Zimeni chaja ukutani kabla hamjagusa vibanio. Mkifungua betri ya gari, zimeni gari, anzeni na hasi. Mkirudisha, hasi iwe ya mwisho, na uso msiuinamishe juu yake. Maji yake yakikurukia, ni maji safi mengi, kwa muda mrefu, hata njiani kwenda hospitali. Asali mle na mkate.

Namshukuru Mungu kwa lile pipa, kwa daktari yule na kwa mama mkwe wangu. Namshukuru pia, msinicheke, kwa dharau aliyoniwekea moyoni, maana ningekuwa mtu wa heshima zaidi leo ningekuwa chongo.

Juzi Shabani ameniomba nimshonee kofia. Kichwa chake kikubwa, kitakula uzi. Lakini nitamshonea, na viua nitavifanya vidogo kuliko vyote nilivyowahi kushona. Nataka kila anapoivua aviangalie, akumbuke kwamba vimeshonwa na macho mawili.