Taa ya Injini

Fundi wangu wa magari ana mikono mipana, lakini plagi ya sensa huichomoa polepole kama anayemtoa mtoto mwiba. Kwanza huinama, akatega sikio na kuisemesha injini: "Haya bibi kizee, leo unaumwa wapi?" Wateja wengine humwachia funguo wakaenda zao. Yeye humimina chai vikombe viwili hata kama hakuna mtu, na cha pili hupoa pale juu ya betri kuukuu. Mimi hukaa. Gari langu lina viti vinane, nami siku hizi nalipanda peke yangu, sasa nikimbilie wapi? Jana aliukuta waya wa sensa inayopima hewa ya injini umelegea kwenye plagi yake. Akaukaza, akawasha, na ile taa ya injini iliyonisumbua wiki nzima ikazimika. Niliiona, naye aliiona. Akafuta mikono kwa kitambaa, akafuta tena, halafu akainama na kuichomoa plagi ileile. Taa ikawaka.

"Bado inasumbua, mzee wangu," akasema bila kunitazama. "Iache hapa, kesho uje tuitazame."

"Jeuri kweli hili gari, fundi," nikamwambia. "Kesho nikute chai ya moto."