Firigisi ya Namba Moja

Nyumbani kwetu Makadara, mtihani ulipimwa kwa kitu kimoja tu: namba. Mama, karani mstaafu wa kanjo, yaani baraza la jiji, hakuwahi kuniuliza nimepata ngapi katika Hesabu. Aliuliza nimekuwa namba ngapi. Nikiwa wa kwanza, kuku alichinjwa, na Baba akafanya jambo ambalo kwao magharibi mwa Kenya lingezua kesi. Kwa mila yao, firigisi ni ya mwenye nyumba, mwanamke haigusi. Yeye aliitoa kwenye sahani yake akaitia kwenye yangu, mimi msichana. Sijala kitu kilichonipa kiburi kama kile kipande kigumu.

Kwa hiyo nilipoamua, ukubwani, kufanya mtihani wa kuingia shule ya biashara, nilijiona mkongwe. Kumbe! Mtihani wenyewe ni wa kompyuta, na ni mjanja. Ukijibu swali sawasawa, unaletewa gumu zaidi. Ukikosa, unaletewa rahisi. Walimu wangu walinifundisha kuruka swali gumu nilirudie baadaye. Hapa huwezi kuliruka, na ukishajibu ndiyo basi. Maswali yalizidi kunibana, nami nikazidi kufa moyo. Mwishoni nusura nibonyeze kitufe cha kufuta alama zote. Sikujua kwamba ugumu ule ndio uliokuwa dalili ya kufaulu. Nani angeniambia? Shuleni kwetu swali gumu lilikuwa la kukuaibisha.

Nikaziacha alama, zikatokea kwenye kioo. Kando yake paliandikwa themanini na nane, maana yake katika kila watahiniwa mia nimewapita themanini na wanane. Kwa chuo nilichokitaka, zilitosha. Nilitoka pale nikicheka peke yangu.

Nyumbani nilikuta kuku ameshaiva, maana Mama hangoji matokeo.

"Haya, umekuwa namba ngapi?"

"Themanini na nane, Mama!"

Mwiko ukasimama hewani. Baba akainamia sahani yake.

"Woi! Si neno, mwanangu," Mama akasema kwa sauti ya matangani. "Bora uzima. Keti ule." Akanipakulia bawa.

Hapo ndipo nilipong'amua. Tangu chekechea alikuwa amenifundisha kwamba namba ndogo ndiyo tamu.

"Hapana, Mama, mtihani huu umegeuzwa. Kubwa ndiyo nzuri. Katika watu mia, themanini na wanane wako nyuma yangu. Chuo nimekifikia."

Alinitazama kwa shaka, kama mtu anayeuziwa nyanya za jana. Lakini Baba hakungoja. Firigisi ikahama sahani, kama zamani, na machozi yakanilengalenga, mtu mzima mimi.

"Ngoja kwanza," Mama akasema. "Na hao wengine waliobaki kwa mia, walio mbele yako, ni watoto wa nani?"

"Kula haraka," Baba akaninong'oneza, "kabla hajapata jibu."