Mkono wa Nyuma Kushoto

Gari ile niliinunua kwa yaya wangu. Kwetu Lubumbashi yaya ni mkubwa wako wa tumbo moja, na huyu wangu, mwanamume, ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Ndiye pia aliyenifundisha kuendesha, kwenye barabara ya Luano, Jumapili asubuhi, kabla magari ya uwanja wa ndege hayajawa mengi. Kwa hiyo aliponiambia, "Mudogo wangu, hii gari ni miye peke yangu niliitembeza, haikugonga hata siku moja," sikumwita fundi aitazame. Niliona kumwita fundi ni kumtukana.

Mimi nauza samaki. Nawanunua Kasenga, kando ya mto Luapula, wakavu na wa moshi, nawaleta soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Zamani nilikuwa nasafirisha vikapu vyangu kwenye malori ya watu, na gari yenye nafasi nyuma ilikuwa ndoto yangu ya miaka mingi.

Tangu safari ya kwanza ilivuta kushoto. Haikuvuta sana. Ili iende sawa ilibidi niushike usukani umepinda kidogo kulia, saa zote, na jioni bega langu la kulia liliwaka moto. Kisha tairi ya nyuma kushoto ikaanza kuliwa upande wa ndani, ule ambao huuoni mpaka uiname. Nikampigia yaya simu.

"Ni mizigo," akasema. "Unatia mizigo mingi, inakunja gari. Uko na haraka ya faida weye."

Nikamwamini. Nikapunguza vikapu, nikawakatalia wanawake wenzangu niliokuwa nawabebea vyao. Nikaenda kwa fundi aliyenielekeza yaya mwenyewe. Akachungulia chini, akajifuta mikono, akasema neno lile lile, mizigo. Miaka miwili ilipita hivyo, na tairi ile niliibadilisha mara tatu. Hata nilimwomba yaya radhi. Tulikuwa mezani kwake, mbele ya bibi yake, yaani mkewe, nikasema nasikitika nimeiharibu gari aliyoitunza vizuri vile. Akaniongezea bukari, ugali wetu, kwenye sahani, akasema si kitu, yamekwisha.

Katika miaka hiyo mama yetu alizoea kunifuata Kasenga. Magoti yanamuuma, na kule hana ndugu hata mmoja. Lakini kila nikisema kesho naondoka, asubuhi namkuta amekwisha kuvaa, rozari mkononi. Nilidhani anapenda kuuona mto Luapula, na nilifurahi kuwa naye.

Siku moja tukirudi, mchana kweupe, tairi ikapasuka. Mkia wa gari ulirushwa upande, tukaingia kwenye majani marefu kando ya lami, vikapu vikatumwagikia mpaka mbele. Mama aligonga bega kwenye mlango. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Bikira Maria," halafu akanigeukia, akaanza kunipapasa mikono, magoti na uso, kama mtu anayekagua mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

Niliporudi mjini sikumwambia yaya. Nilikuwa na haya, kwa sababu nilijua atasema mizigo. Nikatafuta fundi mwingine mwenyewe, katika vijigereji vya Kenya, mzee aliyejifunza kazi kwenye karakana za reli. Akaipandisha gari juu ya kriki, yaani jeki, akatia vigogo chini, akalala kifudifudi, kisha chali. Alikaa huko muda mrefu. Nikasikia anakwangua kitu kwa kisu.

"Mama, kuja uone," akaniita.

Nikainama. Kila gurudumu la nyuma limeshikwa na mikono kadhaa ya chuma inayoliunganisha na mwili wa gari. Mmoja uko juu, na urefu wake ndio unaoamua kama gurudumu litasimama wima au litalala. Upande wa kulia mkono huo ulikuwa bati zito lililokunjwa, kama ulivyotoka kiwandani. Upande wa kushoto kulikuwa na fimbo ya mviringo yenye meno ya skrubu ncha zote mbili, aina inayorefushwa na kufupishwa kwa kuzungushwa. Ilikuwa imepakwa lami nyeusi ili ifanane na mwenzake.

"Hii mukono haina ya gari yako," mzee akasema. "Wanaweka hii kwa kunyoosha pine, tairi. Haina mubaya. Lakini huyu aliivuta mpaka kwa mwisho. Angalia, meno ile inashikilia ni mbili ao tatu tu, na nati ya kufungia ililegea. Na hapa juu, hii ni soda, chuma ilichomelewa. Gari iligongwa, mama. Iligongwa nguvu."

"Si mizigo?"

Akanitazama kama hakuelewa swali. "Mizigo haiweke soda."

Akaniuliza niliinunua kwa nani. Nikajibu, "Kwa muntu moja tu." Sijui kwa nini nilimficha. Nadhani nilikuwa bado namlinda.

Mzee alinieleza kazi itakavyokwenda. Kwanza chuma kilichopinda, pale mkono unapofungwa, kinyooshwe na kuchomelewa upya na mtu wa bodi, kwa maana mkono wa kuzungusha hausahihishi chasi iliyopinda; unamalizia tu kile kidogo kilichobaki. Kisha mikono miwili mipya ya kurekebisha, kulia na kushoto, ili pande zote mbili zilingane. Tuliiagiza kwa mfanyabiashara mmoja wa vipuri, ikachukua wiki nyingi. Wiki hizo vikapu vyangu vilirudi kwenye malori ya watu, na kila nilipomwona yaya kanisani nilimwamkia kama kawaida.

Siku ya kuifunga nilikaa juu ya kreti tangu asubuhi. Nilitaka kuona kila kitu kwa macho yangu, maana kusimuliwa kulikuwa kumenichosha. Mzee aliupima mkono wa kiwandani, tundu hadi tundu, akaiweka ile mipya kwenye kipimo hicho hicho. Akapitisha bolti bila kuzikaza. Akaishusha gari chini, akapakia magunia ya mchanga yenye uzito wa vikapu vyangu, akaibonyeza nyuma mara kadhaa ikae inavyokaa barabarani. Hapo tu ndipo alipozikaza bolti, akisema mpira wa ndani ukikazwa gari ikiwa inaning'inia utapasuka upesi. Kisha akafunga uzi wa nailoni kutoka mbele hadi nyuma, pande zote mbili, akawa anapima toka uzi hadi rimu, anazungusha mkono nusu mzunguko, anapima tena. Alipofunga nati za mwisho alizitia mstari wa rangi nyeupe, kutoka nati hadi fimbo. "Ukiona hii mustari inaachana, rudia kwangu," akasema. Tukaenda mjini kwenye mashine ya paralelismu, ile inayopima kama magurudumu yamenyooka, na kijana wa pale akasema hana cha kugusa nyuma.

Nilikwenda kuijaribu kwenye barabara ya Luano. Usukani ulikuwa umenyooka. Niliulegezea vidole, gari ikaenda moja kwa moja. Mikono yangu, kwa mazoea, ilikuwa ikivuta kulia, na kila ikivuta gari ilihama njia. Ilibidi niikataze. Nikasimama kando, nikalia kwa hasira, maana ndipo nilipopima kwa mwili wangu mwenyewe nilivyodanganywa muda mrefu.

Kutoka pale nikaenda kwa yaya. Alikuwa nje, ananyoa ndevu mbele ya kioo kidogo.

"Nani alitia ule mukono wa nyuma?" nikamwuliza.

Hakuuliza mkono gani. Aliweka wembe chini.

"Nilikuwa nataka kukuambia," akasema. "Kisha uliipenda gari. Fundi alisema iko nguvu."

Akanieleza. Alikuwa anapeleka abiria Luano, akakwepa baiskeli, ubavu wa nyuma ukapiga nguzo ya saruji. Ilikuwa ile wiki aliyolala akituambia ana malaria. Nilikuwa nimempelekea supu kila siku.

"Na mizigo?" nikasema. "Juu ya nini uliniambia ni mizigo yangu?"

"Nilikuwa nitasema nini?"

"Tairi ilipasuka, yaya. Mama alikuwa ndani!"

Hapo ndipo akainua macho. "Mama alikuwa anajua," akasema.

Nilimkuta mama anachambua mboga za lengalenga uani. Nilimwuliza nikiwa nimesimama, na hiyo peke yake kwetu ni utovu wa adabu.

"Alinililia," akasema. "Akaniapisha nisiseme. Ni mutoto wangu. Weye pia uko mutoto wangu. Nikasema, basi, nitakuwa naenda naye. Kama ni kufa, tutakufa wote wawili."

"Ungeniambia tu, mama."

Alitenga mashina kando, majani kando.

Yaya nilimkasirikia wazi. Nilijua la kumwita na la kumwambia. Kwa mama sikupata pa kushika. Alinificha jambo ambalo lingeniua, kisha akaja kuketi humo humo kando yangu, safari baada ya safari, akihesabu rozari. Nimejaribu kumwona mwema, nimejaribu kumwona msaliti, na kila mara sehemu moja inabaki nje. Kinachoniuma zaidi ni furaha niliyokuwa nayo kwenye safari zile, nikimwonyesha maji na mitumbwi, nikidhani tunatembea.

Nilikaa miezi bila kukanyaga kwa yaya. Mama alisema tupeane mkono, tukapeana, mbele yake. Gari sikuiuza. Naijua sasa kuliko mtu yeyote, na kabla ya kila safari nainama naangalia rangi nyeupe kwenye nati.

Mwaka huu binti wa yaya alipokea komunyo ya kwanza, na gari yao ilikuwa mbovu. Bibi wa yaya ndiye aliyenipigia. Nikaenda kuwachukua. Mtoto aliketi mbele, gauni limejaa kiti chote. Yaya akapanda nyuma na bibi yake na mtoto wao wa mwisho. Karibu na kanisa akauliza taratibu, "Haivute tena?"

"Apana," nikasema.

Walishuka. Bibi yake alinikumbatia dirishani, binti akaniomba nimshikie kitambaa chake cha kichwa amfunge viatu mdogo wake. Yaya alisimama kidogo kando ya mlango, akasema asante, akaingia kanisani na wengine. Mimi nilitafuta pa kuegesha, nikaketi safu ya nyuma.